Chupa ya jamu yatosha kuwa zawadi ya Krismasi

Msomaji, ukipita katikati ya mji wa Nakuru katika wiki hizi za Desemba utaona watu wa aina mbili. Kuna wale wanaotoka madukani wakiwa na mifuko mikubwa na nyuso nzito. Kuna na wale wanaosimama nje ya dirisha la duka, wakatazama bei, wakahesabu kwa vidole, kisha wakaenda zao. Wote shida yao ni moja. Wanakwenda nyumbani kwa Krismasi, na hawajui watafika na nini mkononi.

Maana kwetu mtu haendi kwao mikono mitupu. Awe anapanda matatu ya Molo, ya Subukia au ya Olenguruone, awe anangoja basi la usiku la kwenda Kisumu au Kakamega, anajua kwamba mama, shangazi na watoto wa ndugu zake watautazama uso wake kwanza, kisha mikono yake. Huo si uroho. Ni desturi, tena desturi njema. Ubaya huanza pale mtu anapokopa kwa simu ili anunue blanketi, keki ya boksi na kreti mbili za soda, halafu Januari, ambayo vijana wameibandika jina la "Njaanuari", ikamkuta hana karo wala kodi ya nyumba.

Ukurasa huu ni wa afya, na huenda ukauliza deni lahusiana vipi na afya. Lahusiana sana. Mwenye deni halali usingizi mwema, hugombana na aliye karibu naye, na pesa zikipungua nyumbani kinachokatwa kwanza ni maziwa na matunda ya watoto. Ndiyo sababu nasema leo, bila kuona haya, kwamba chupa moja ya jamu iliyopikwa kwa mikono yako yatosha kuwa zawadi ya Krismasi.

Lakini nasema vilevile kwamba jamu isiyopikwa kwa kipimo, au iliyopewa mtu asiyepaswa kuila, si zawadi. Ni balaa iliyofungwa utepe. Nimeyajua hayo kwa makosa yangu mwenyewe, na nitakueleza.

Jamu iliyoota ndevu

Mwaka wangu wa kwanza wa kupika jamu nilijiona mjanja. Nilikuwa nimesoma kwamba sukari ina madhara, basi nikapunguza sukari nusu nzima. Jamu ikatoka laini, tamu kiasi, rangi yake nyekundu ya kupendeza. Nikaitia katika chupa nilizoziosha kwa sabuni na maji ya moto ya kawaida, nikazifunga kitambaa juu, nikazigawa kwa jamaa siku ya mkesha wa Krismasi. Nilisifiwa nikavimba kichwa.

Mwaka mpya ulipoingia shangazi yangu akanipigia simu. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, ile jamu yako imeota ndevu." Alimaanisha ukungu. Nikamwambia aitupe mara moja. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba alikuwa ameikwangua juu na kuendelea kuila kwa siku tatu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Sasa nitatupaje jasho la mtoto wangu?"

Jibu hilo limekaa nami hadi leo. Shangazi hakudhurika, nashukuru, lakini angeweza kudhurika, na sababu ingekuwa upendo wake kwangu. Ukungu una mizizi usiyoiona na huweza kuacha sumu ndani ya chakula. Jamu ya nyumbani iliyoota ukungu hutupwa yote, haikwanguliwi.

Mwaka huohuo nilimpelekea mjomba wangu chupa mbili. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akapaka mkate mbele yangu akala. Ni mkewe aliyenivuta kando baadaye na kunieleza kwamba mzee alikuwa na kisukari mwaka wa pili. Mjomba alijua. Alikula kwa sababu hakutaka kuniaibisha mbele ya watu.

Hapo, msomaji, ndipo palipo na hoja yangu yote. Kwetu zawadi haikataliwi. Bidhaa ya dukani utaisoma kibandiko, utaikagua tarehe, na usipoipenda utairudisha rafuni. Zawadi ya mpwa au ya mkwe huwezi kuirudisha. Aliyepewa amefungwa mikono na heshima. Kwa hiyo jukumu lote la kupima, la kuchunga usafi na la kujiuliza nani anakula nini, ni la mtoaji.

Matunda tunayo

Baada ya kuyasema hayo, tusije tukaogopa sufuria. Sisi wa Bonde la Ufa la kati tumebahatika. Desemba ndipo plamu zinapoiva katika nyanda za juu, na ukisafiri kwa barabara kuu ya kutoka Nairobi utawaona wauzaji kuanzia Kinale hadi Kinungi wakizipunga ndooni kwa kila gari linalopunguza mwendo. Mjini, akina mama mboga wa Soko la Wakulima huzipanga mafungu mafungu. Zikizidi kuiva huuzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine hutupwa kweli. Mapea yapo, makarakara yapo, na mananasi huletwa kutoka nje ya eneo letu kwa malori.

Wala ujuzi huu si mgeni. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilichoanzishwa mwaka 1952 kiliwafunza akina mama mapishi na ushonaji. Na yeyote aliyesoma shule ya msingi katika miaka ya kwanza ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, atalikumbuka somo la Sayansi Kimu na sufuria za majaribio zilizoungua. Mfumo huo umekwisha katika shule za msingi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Lakini mikono iliyojifunza ingali hai, na baadhi yake iko hapo nyumbani kwako.

Kwa nini nachagua plamu? Kwa sababu zina asidi ya kutosha na pektini nyingi, yaani ile gundi ya asili inayoifanya jamu igande. Papai, embe na nanasi ni haba kwa gundi hiyo. Ukizitumia, ongeza maji ya ndimu au ya limau na uwe na subira.

Hesabu

Chukua kilo 2 za plamu zilizoiva lakini ngumu kiasi. Zilizooza usiziokote ati kwa kuwa zitachemshwa. Zioshe, zipasue, utoe kokwa zote. Zitie katika sufuria pana pamoja na kikombe 1 cha maji, uzipike kwa moto mdogo mpaka zilainike kabisa, kama dakika 20. Tia kilo 1 na nusu ya sukari na maji ya limau 1. Koroga taratibu mpaka sukari iyeyuke yote, ndipo uongeze moto ichemke kwa nguvu. Engua povu. Baada ya dakika 15 hivi anza kupima.

Kiasi hicho kitakupa karibu kilo 2 na nusu za jamu. Hizo ni chupa 5 za nusu kilo, au chupa 10 za robo kilo. Nakusihi uchague zile za robo. Chupa 10 ni nyumba 10. Gharama yako ni matunda, sukari, limau, moto na vifuniko. Piga hesabu kwa bei za sokoni kwako wiki hii, ugawanye kwa 10, kisha ulinganishe na bei ya keki moja ya boksi. Sina haja ya kukuambia jibu.

Kupima kama imeiva kunataka tahadhari kwetu sisi watu wa nyanda za juu. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa ng'ambo kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na husema jamu huwa tayari ikifika nyuzi 105 za Selsiasi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na jamu huwa tayari kwenye nyuzi 98 au 99. Molo, iliyo juu zaidi, ni pungufu ya hapo. Ukingoja 105 utapata sukari iliyoungua, utalaumu plamu bure.

Njia rahisi haitaki kipimajoto. Weka kisahani katika friji au juu ya maji baridi. Tone jamu kidogo juu yake, ngoja ipoe, uisukume kwa kidole. Ikifanya makunyanzi kama ngozi ya maziwa, imeiva. Ikitiririka, irudishe motoni dakika chache upime tena. Kila unapopima, epua sufuria kwanza.

Chupa

Hapa ndipo wengi huharibu. Tumia chupa za kioo zilizokuwa na chakula tu, kama jamu, asali au siagi ya karanga. Chupa iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu, ya mifugo au ya kusafisha sakafu haioshwi ikawa safi kwa chakula, hata ukiisugua kutwa. Yenye ufa au meno mdomoni iache. Kifuniko chenye kutu kitupe utafute kipya.

Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa, zijaze maji mpaka zizame, uzichemshe. Wataalamu hushauri dakika 10 kwa watu wa usawa wa bahari, na dakika 1 zaidi kwa kila mita 300 za kupanda juu, kwa sababu ileile kwamba maji yetu huchemka yakiwa na joto pungufu. Kwa Nakuru hiyo ni kama dakika 17. Chemsha 20 ulale usingizi.

Jamu ikiwa moto, chupa ikiwa moto, ndipo unapojaza. Kioo baridi na jamu ya moto hupasukiana mkononi. Acha nafasi ndogo juu, pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa kilichochemshwa, ufunge. Kisha zirudishe katika maji yanayochemka, yazifunike kabisa, kwa dakika 15. Asubuhi bonyeza kila kifuniko katikati. Kilichonywea ndani na hakichezi ni kizuri. Kinachocheza kikisema "ta, ta", chupa hiyo haikuziba. Iweke katika friji muile nyumbani kwanza, usimpe mtu.

Sukari

Nilikuahidi kusema ukweli, basi nisikilize vizuri. Sukari katika jamu haipo kwa utamu peke yake. Huyashika maji ya tunda hata vijidudu vikakosa cha kunywa. Ndiyo maana jamu yangu ya sukari nusu iliota ndevu. Ukitaka kupunguza sukari, punguza, lakini ujue kwamba hicho ulichopika si jamu ya kukaa kabatini wala ya kusafirishwa. Ni chakula cha friji, kiliwe ndani ya wiki 2 au 3.

Kwa hiyo jamu ya kweli ni sukari zaidi ya nusu kwa uzito. Kijiko kimoja cha mezani, gramu 20 hivi, kina gramu 12 za sukari, sawa na vijiko 3 vidogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, na likasema nusu yake ni bora zaidi. Sasa jiangalie asubuhi ya Krismasi. Vipande 2 vya mkate, kila kimoja na kijiko chake cha jamu: gramu 24. Vikombe 2 vya chai, kila kimoja na vijiko 2 vidogo vya sukari: gramu 16. Umefika 40, na soda haijafunguliwa bado.

Nasikia watu wakisema jamu ya nyumbani ni "matunda tu". La, si matunda tu. Moto umeondoa sehemu kubwa ya vitamini C, na sukari imeongezwa. Mtoto anayepewa mkate na jamu hajala tunda. Ampe mama yake plamu mbichi iliyooshwa. Na mtoto aliye chini ya miaka 2 hahitaji jamu kabisa.

Je, hayo yanaivunja hoja yangu? Hata. Chupa ya robo kilo katika nyumba ya watu 6 ni vijiko 2 kwa kila mtu, kisha imekwisha. Hiyo ni sikukuu, si mazoea. Linganisha na kreti ya soda. Kinachodhuru ni jamu ya kila siku, na zawadi ya mara moja kwa mwaka haiwezi kuwa ya kila siku, ila ukimpa mtu chupa kubwa 4 asizojua pa kuzipeleka.

Nani apewe

Kabla hujaandika majina kwenye vibandiko, kaa na mtu anayewajua jamaa wenu vizuri, aghalabu mama au dada mkubwa, umuulize kwa upole nani ana kisukari, nani ameambiwa na daktari apunguze sukari. Usimuulize mgonjwa mbele ya watu. Kwa hao tafuta kingine cha bei hiyohiyo: njugu zilizokaangwa, paketi ya majani ya chai ya Kericho, au kikapu cha sukuma na maharagwe mabichi kutoka soko lilelile. Siku hizi mjomba wangu nampelekea njugu. Mwaka jana alinitania kwamba sasa meno ndiyo yanayomsumbua.

Kwenye kibandiko andika mambo matatu: tunda, tarehe ya kupikwa, na maneno "ina sukari nyingi, ikifunguliwa iwekwe mahali baridi". Kisha sema kwa mdomo, mbele ya mpokeaji, "Ikiota chochote, tupa, nitakupikia nyingine." Maneno hayo ni sehemu ya zawadi. Yanamfungua mikono. Laiti ningemwambia hivyo shangazi.

Usimsahau mpishi naye. Jamu inayochemka hunata kwenye ngozi na huunguza kuliko maji. Watoto wakae mbali na jiko, mwiko uwe mrefu. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga, na kidonda kikubwa kipelekwe hospitalini. Ukitumia jiko la makaa, pika uwani au fungua mlango na madirisha, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Na matunda yenye asidi yasilazwe usiku kucha katika sufuria ya alumini.

Jambo la mwisho. Jamu ikisifiwa, kuna atakayekushauri uanze kuiuza. Wazo si baya, lakini biashara ina sheria zake, na bidhaa ya kuuzwa hutakiwa kuwa na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Hayo ni ya mwaka ujao. Wiki hii unapika ya kutoa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wengi tunaishika methali hiyo kwa maana ya kujitetea tukiwa hatuna kitu. Mimi naisoma kwa maana ya wajibu. Ikiwa kutoa ni moyo, basi moyo huo ndio unaosimama dakika 20 ukingoja chupa zichemke wakati hakuna anayeuona, na ndio unaomkumbuka mjomba asiyepaswa kula sukari. Jumamosi hii nenda sokoni mapema, kabla jua halijazilegeza plamu. Chagua kilo 2 nzuri. Na ukifika kwenu, mwulize shangazi wa kwenu kama kifuniko kilikuwa kimenywea.